Nyumba Isiyo na Ukuta wa Nne

Hadithi fupi ya kwanza niliyompelekea mhariri mmoja ilirudi kwangu na mstari mmoja tu wa wino mwekundu, pembeni mwa ukurasa wa pili: "Hii nyumba iko Wesha ipi?"

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaichukua, nikaisoma kama vile imeandikwa na mtu mwengine. Mke anarudi kazini, anautupa mkoba juu ya kochi. Mume kakaa kwenye kochi hilo hilo, katikati ya chumba, uso kaelekeza mbele. Nyuma yao kuna ngazi inapanda ghorofani. Jirani anaingia bila ya hodi, anafungua friji, anachukua soda, anasema neno la kuchekesha, anatoka. Na hadithi yenyewe nimeiandika, kwa herufi kubwa kabisa, kuwa imetokea Wesha, Pemba.

Wesha! Mimi niliyezaliwa hapa, nikasoma hapa, nikamaliza Kidato cha Nne nikirudi na vumbi la njia ya Chake Chake miguuni. Nyumba yetu haina ngazi ya ndani. Jiko liko uani. Na jirani akiingia ndani bila ya kupiga hodi, basi ama kuna msiba ama kuna moto. Sasa ile nyumba niliitoa wapi?

Sikuhitaji kufikiri sana. Niliitoa kwenye televisheni, na zaidi kwenye vichekesho vyake. Nilipojaribu kuhesabu nyumba ninazozijua vizuri, chumba kwa chumba, nikaona nusu yake ni nyumba ambazo hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake. Ni mbao na rangi. Makala haya basi ni safari ya kuzitafuta nyumba hizo: nani kazijenga, lini, na zilipita njia gani mpaka zikaingia kichwani mwa mtoto wa kike wa Wesha. Kama nawe unaandika, au unatamani kuandika, nadhani nawe una kochi la namna hiyo ndani ya daftari lako.

KOCHI LINALOTIZAMA WATU

Mwanzo wa mambo uko Marekani, mwaka 1951, ilipoanza tamthilia ya vichekesho iitwayo I Love Lucy. Wenyewe walikuwa mke na mume kweli, Lucille Ball na Desi Arnaz, mzaliwa wa Cuba, nao walikuwa na kampuni yao. Waliamua kupiga mchezo kwa filamu, kwa kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watu waliokaa kwenye viti wakicheka kweli. Mpiga picha wao mkuu alikuwa Karl Freund, mtu mzima aliyekwishapiga Metropolis huko Ujerumani mwaka 1927.

Hebu fikiri matokeo ya uamuzi huo. Watu wamekaa mbele, na baina yao na wachezaji zinapita kamera tatu. Kwa hivyo nyumba lazima ipasuliwe kama embe: ibakie na kuta tatu, na wa nne usiwepo. Kochi lazima likae katikati na litizame nje, maana likigeuzwa utaona visogo. Mlango wa nje lazima uonekane, kwa sababu kila anayeingia ni habari mpya. Jiko lazima liwe karibu, ili mtu aweze kutoka na kurudi kabla kicheko hakijapoa. Wala hawakuketi kupanga kuwa binaadamu aishi hivyo. Ilikuwa ni hesabu ya kamera na viti.

Ile ngazi yangu nayo nimeiona inakotoka. Ni ya The Cosby Show, iliyorushwa kuanzia 1984 hadi 1992: baba daktari, mama mwanasheria, watoto watano, nyumba nzuri ya Brooklyn. Kwa watu weusi wa kila pahali ile nyumba ilikuwa kama salamu. Kwa mara ya kwanza wengi waliiona familia ya rangi yao ikigombana kwa mambo madogo tu, alama za skuli na zamu ya bafu, siyo njaa wala risasi. Leo jina la mwenye nyumba lina doa kubwa. Bill Cosby alitiwa hatiani mwaka 2018 kwa kumdhalilisha mwanamke, na mwaka 2021 mahakama ya juu ya Pennsylvania ikaifuta hukumu ile. Baada ya hapo, watu waliokulia mbele ya ile sebule walijiuliza waifanye nini nyumba waliyoipenda. Mimi sina jibu. Ila nimejifunza kuwa nyumba ya kubuni inaweza kubaki imesimama kichwani mwa mtu hata pale heshima ya mwenyewe imeanguka.

Na baada ya nyumba zikaja baraza zao. Cheers, ya 1982 hadi 1993, karibu yote ni baa moja ya Boston. Ukumbi wenyewe ulijengwa studio. Picha ya nje tu ndiyo ilikuwa ya baa ya kweli ya mji ule, jina lake Bull & Finch. Watalii wakawa wanamiminika pale, wakiingia ndani wanakuta sivyo walivyopazoea, na baadaye wenye baa wakabadilisha jina wakaiita Cheers. Umeona mambo hayo? Pahali pa kweli pamefuata jina la pahali pa uongo. Kisha Friends, ya 1994 hadi 2004, ikatuletea duka la kahawa la New York lenye kochi la rangi ya machungwa, na duka lile lilikuwa California, upande wa pili kabisa wa nchi.

UMEME WA WESHA

Sasa turudi kwetu. Wengi wa vijana wa bara hawajui kuwa Zanzibar ilitangulia. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, wakati wa Mzee Aboud Jumbe, na inahesabiwa kuwa ya mwanzo ya rangi katika Afrika kusini ya Sahara. Tanzania Bara walikaa bila ya televisheni mpaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi, ITV ikiwa mmoja wao. Kwa miaka ishirini na moja, basi, nchi moja ilikuwa na upande unaotizama na upande unaosikiliza.

Babu yangu alikuwa kijana wakati huo. Anasimulia kwamba walikuwa wakitembea usiku kwenda kuitizama seti moja ya watu wote, wakikaa chini mchangani, wanaume mbele, wanawake nyuma, watoto juu ya miembe. Bibi naye alikwenda mara moja. Msomaji wa habari alipotokea akitizama mbele, Bibi akauvuta mtandio, akajifunika uso mpaka puani. Wenzake wakacheka. Yeye akasema, "Nyinyi mnacheka, huyu mwanamme anatuona."

Nimekulia nikisimuliwa kisa hicho kama kichekesho juu ya ushamba wa Bibi. Nilipofahamu habari ya ukuta wa nne, niliacha kucheka. Bibi alifahamu papo hapo jambo ambalo mimi lilinichukua miaka. Nyumba ikikosa ukuta, njia ya kutizama ni mbili: wewe unaingia kwao, na wao wanaingia kwako. Na mimi nilikuwa sikujifunika.

Wesha ina mkono wake katika hadithi hii, na watu hawausemi. Hapa kwetu ndipo yalipokuwa majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakiipa Pemba umeme. Usiku wa kimya ungeyasikia. Yalikuwa yakizima, yakikatika, yakirudi. Ulikuwa unaweza kuitizama tamthilia nzima usijue mwisho wake, maana dakika ya mwisho Wesha imezima. Kwa hivyo watoto wa Pemba tulikuwa mabingwa wa kutunga mwisho. Asubuhi yake kila mmoja anakuja skuli na mwisho wake, na tunagombana nani kasema kweli. Labda huko ndiko nilikoanzia uandishi.

Mwaka 2010 waya ukaletwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway, na Pemba ikaunganishwa na gridi ya taifa. Cha ajabu ni kuwa miezi michache kabla ya hapo, tangu Disemba 2009, Unguja ilikaa gizani karibu miezi mitatu waya wao wa baharini ulipoharibika, na sisi wa Pemba na mitambo yetu ya moshi tulikuwa tunatizama televisheni. Ilikuwa ni mara ya nadra mtu wa Pemba kumpa pole mtu wa mjini kwa umeme!

NYUMBA YA MASIKIONI

Kabla ya picha kulikuwa na sauti. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na mchezo wake wa vichekesho, Pwagu na Pwaguzi, jina lililotoka kwenye ile methali ya kuwa pwagu hupata pwaguzi. Wawili hawa walikuwa wajanja wa mjini, wezi wa reja reja, na kila mpango wao uliwarudia wenyewe.

Nilimuuliza Bibi, "Pwagu na Pwaguzi walikuwa wakikaa wapi?" Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Nyumba ya udongo, makuti yake yamechakaa upande wa kusini, mlango haufungi mpaka uunyanyue. Mbele kuna mti wa mkungu." Nikamuuliza babu, akasema nyumba ya bati, chumba kimoja cha kupanga, Kariakoo, pembeni kuna fundi baskeli. Wakaanza kubishana, watu wazima wale, kwa nyumba ambayo redio haikuwahi kuwaonesha. Kila mmoja alikuwa keshawapa wale wezi wawili pahali pa kulala, kwa udongo anaoujua mwenyewe.

Hapo nikaona tofauti yangu na wao. Wao walipewa sauti wakajenga nyumba. Mimi nilipewa nyumba imekwisha, mpaka na mapazia.

OJWANG NA MAMA KAYAI

Ninaowapenda kuliko wote ni wa Kenya. Televisheni ya Kenya ilianza mwaka 1962. Tangu 1964 shirika likaitwa Voice of Kenya, na mwaka 1989 likarudia jina la KBC. Vichekesho vyake vya Kiswahili vilivuka mpaka bila ya pasipoti, na mkubwa wao ni Vitimbi.

Vitimbi vina nyumba, na nyumba ina wenyewe: Mzee Ojwang na Mama Kayai. Mzee Ojwang ni mtu wa ahadi kubwa na mfuko mdogo, suti inampwaya, Kiswahili chake kimelowa lafudhi ya Kijaluo. Aliyemcheza, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, hakuwa Mjaluo, alikuwa Mkikuyu. Aliazima jina na ulimi wa watu wengine akaukaa kama mtu anavyokaa nyumba ya kupanga, kwa miaka mingi, mpaka mitaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazee wake. Katika nchi ambayo kabila limewahi kuwa sababu ya kuchomeana nyumba, si jambo dogo Mkikuyu kupendwa kwa sauti ya Kijaluo.

Sebule yao ni ya kawaida. Makochi yenye vitambaa vya kufuma, meza ndogo, picha ukutani. Na lile kochi la Lucy limo, linatutizama. Lakini angalia nani anashinda ndani ya sebule ile. Mzee Ojwang anaondoka nyumbani akiwa bwana mkubwa, anarudi na uongo kaukunja vizuri, na Mama Kayai anamsubiri. Mlango ukifunguka tu, wewe mtizamaji unajua kuwa uongo ule hautafika kwenye meza. Nyumba ni mahakama yake Mama Kayai, na mumewe hana wakili.

Na wenzao wa Vioja Mahakamani wakaifanya mahakama yenyewe kuwa maskani. Nafikiri huu ni uvumbuzi mkubwa kuliko unavyosifiwa. Mwandishi wa vichekesho anatafuta pahali ambapo mtu yeyote anaweza kuingia bila ya kuulizwa umefuata nini. Wamarekani walitumia baa, na Waingereza katika Mind Your Language, ya 1977, walitumia darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza. Wakenya wakasema: kwetu sisi pahali ambapo tajiri, mlevi, mchungaji, mwizi wa kuku na mama mboga wote watafika siku moja ni kizimbani. Wakamweka Makokha pale akijitetea, na watu wakacheka chombo kilekile ambacho mchana kiliwatia hofu.

Miaka ya 2000 ikaja Papa Shirandula, kwenye Citizen. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alicheza mtu ambaye ni mlinzi wa getini, lakini mkewe Wilbroda anaamini mumewe ana kazi kubwa ya ofisini. Hapa nyumba na maskani zimetenganishwa makusudi, na kichekesho chote kinasimama baina yao. Getini yeye ni askari, nyumbani yeye ni bosi. Nani kati yetu hana ndugu wa namna hiyo, aliyekwenda Dar au Muscat, anayetuma picha amesimama mbele ya gari isiyo yake? Tulikuwa tukimtizama kwa jirani mwenye dishi, chumba kimejaa, na ami yangu mmoja, aliyekaa Arabuni miaka saba na hakuwahi kusema alikuwa akifanya kazi gani, alikuwa akicheka kuliko sote, kisha ghafla ananyamaza.

Wa kwetu Tanzania walifuata njia nyengine. Ze Comedy walipoibuka kwenye EATV, kisha kuanzia 2008 wakawa Orijino Komedi TBC1, hawakujenga nyumba. Akina Joti na Masanja walivaa watu mbalimbali: bibi, mtoto, mwanasiasa, msomaji wa habari. Na marehemu King Majuto, Mzee Amri Athumani wa Tanga, ng'ambo tu ya maji kutoka kwetu, aliyetutoka Agosti 2018, alijaa kwenye mikanda na sidii zetu, mara nyingi ndani ya jumba lenye geti na vigae vinavyong'aa. Jumba lile tumelikariri. Yeye mwenyewe, kwa mashavu yake na mshangao wake, alikuwa mtu wa kibarazani. Nilikuwa nikimtizama ndani ya jumba, ninahisi kama mgeni aliyesahauliwa na wenyeji.

MASKANI

Neno sasa. Kamusi inakwambia maskani ni makaazi, pahali mtu anapoishi. Lakini mwambie kijana wa Zanzibar "nipo maskani," hatakutafuta nyumbani kwako. Atakwenda kwenye mti, kwenye kona, kwenye kibaraza unachokaa na wenzako. Sisi neno la nyumba na neno la kijiwe tumelifanya moja. Mwanachuoni wa Marekani Ray Oldenburg aliandika kitabu mwaka 1989 kueleza kuwa binaadamu ahitaji pahali pa tatu, zaidi ya nyumbani na kazini, pa kukaa na kuzungumza tu. Mzee yeyote wa Chake angemkaribisha kahawa na kashata, akamwambia: karibu, umechelewa kidogo.

Nyumba ya Mswahili imejengwa kwa hilo. Mbele kuna baraza, ya mawe au ya udongo, imeshikana na ukuta. Mgeni anakaa, anapewa maji, habari zinapita, na wala hajaingia ndani. Ndani kuna ukumbi, kisha vyumba, kisha uani. Ile kazi ambayo kochi la televisheni linaifanya, kumuweka mtu pahali anapoonekana na kila anayepita, baraza imeifanya karne nyingi bila ya kuvunja ukuta hata mmoja.

Basi kwa nini baraza yetu haikuwa Cheers ya Kiswahili? Jambo hili lilinisumbua. Mjini Unguja kuna kona maarufu ya wanywa kahawa, Jaws Corner, iliyopewa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975. Jina lenyewe ni kichekesho. Lakini pia ni kona ya siasa, na wapinzani wao walikuwa na maskani yao Kisonge, Michenzani, na ubao wao wa kuandika vijembe. Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, maskani Zanzibar ni neno ambalo mtu huliangalia kulia na kushoto kabla ya kulisema. Pemba ilikuwa zaidi. Watu waligawana maduka, wakagawana magari ya abiria, wakafika hadi kususiana mazishi. Januari 2001 watu wakafa kwa risasi katika maandamano.

Baba anasema baraza ya babu ilikaa tupu muda mrefu. Si kwamba watu walikatazwa. Kila mtu alijua kwamba kicheko kina maana, na hajui jirani atakitafsiri vipi. Wazee waliokaa hapo tangu ujana wao walikuwa wakipita njia ya nyuma. Mmoja, aliyekuwa mchekeshaji wao mkubwa, alihamishia mazungumzo yake kwenye ngalawa, huko baharini kunakosikika na samaki tu. Baada ya maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka babu alipaka chokaa baraza ile, na mimi nikadhani kuna harusi.

Kichekesho cha televisheni kinataka jambo moja tu kutoka kwa pahali pake: kwamba wiki ijayo watu wale wale watarudi kukaa pale pale. Lucy atarudi, Mama Kayai atarudi. Ugomvi wa nusu saa haumfukuzi mtu nyumbani. Naona sasa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa ndoto yenyewe, kuliko ngazi na friji. Sisi tulikuwa tunatizama nyumba za watu ambao lazima warudi kukaa pamoja, wakati baraza yetu ya nje ni tupu.

DIRISHANI

Kuna jambo moja bado, na ni langu mimi kama mwanamke. Nikisema baraza yetu, naazima. Mimi sijakaa baraza ile jioni hata siku moja. Ni ya wanaume. Mazungumzo yake yote ninayoyajua nimeyasikia kupitia dirisha la ukumbini, lenye nondo na pazia, nikichambua mchele. Huko nje wanamaliza mambo ya dunia, huku ndani Bibi na shangazi wanajibu kwa sauti ya chini, na majibu yao ni makali na ya kuchekesha mara kumi. Wale wa nje hawajui kuwa wana watizamaji. Hicho ndicho kichekesho cha kweli cha nyumba yetu, na kila jioni kinachezwa, na mimi nilikiacha nikaenda kuazima kochi la Brooklyn.

Ndiyo maana nampenda Mama Kayai. Alinionesha kuwa nusu ya nyumba aliyopo mwanamke ndiyo penye hukumu. Ila nilikosea kumfuata mpaka sebuleni kwake. Nilitakiwa nichukue ulimi, nimwachie makochi yake.

Nimeiandika upya ile hadithi. Kochi nimelitoa, ngazi nimeivunja. Mke anarudi kutoka kuvuna mwani, anapita mlango wa uani kwa sababu mbele kuna wanaume, na kila neno analosema mumewe kule barazani, lile la kujisifu, linapita nondo za dirisha na kumfikia. Anamjibu hapo hapo, kwa sauti ndogo, na ukumbi mzima wa wanawake unajizuia kucheka. Mwisho wake sijaupata. Labda umeme ukizima utakuja.

Juzi nilimsomea Bibi kurasa tatu za mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, macho kafumba, kama anavyosikiliza redio. Nikamuuliza, "Vipi Bibi, hii nyumba iko Wesha?"

Akanyamaza kidogo. "Iko," akasema. "Lakini mbuzi ya kukunia nazi umeiweka wapi? Mwenzio n'takaa wapi?"

Nikachukua kalamu, nikaiweka pale karibu na dirisha.